Barua kwa Rukia: Soma Maji Kabla ya Kuutaja Mti

Kibiti

Mpwa wangu mpenzi Rukia,

Bibi yako anakusalimu sana, na amesema umwandikie na yeye, usiniandikie mimi peke yangu. Rasimu yako ya utafiti imenifikia na nimeisoma yote pamoja na viambatisho vyake. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kukueleza. Kuchora ramani ya mimea ya maji ya chumvi katika delta ya Rufiji kwa rada ya setilaiti ni kazi inayohitajika hasa, na moyo wangu umetulia kuona anaishika mtu aliyekulia jirani na maji hayo.

Lakini katika sura yako ya mbinu kuna sentensi iliyonifanya nikuandikie barua badala ya kukupigia simu. Unasema kwamba kwa kuwa picha zinapatikana bure, na kompyuta inaweza kuigawa mimea katika makundi yenyewe, utakwenda delta mwishoni tu, kuhakiki. Naomba uugeuze mpango huo. Nenda mwanzoni, na uende na jedwali la kujaa na kupwa kwa maji mkononi. Sababu yake imo katika namna rada inavyofanya kazi, ndiyo maana nitaieleza kwa kirefu.

Kamera ya setilaiti hungoja jua limulike ardhi ndipo ipokee rangi. Rada haingoji. Hutuma mawimbi yake yenyewe, husikiliza mwangwi, hupima nguvu yake na muda uliopita hadi uliporudi. Mawimbi hayo hupita katika wingu bila taabu, na usiku kwake ni sawa na mchana. Wewe umeona masika ya huku, wiki nzima inapita hujaliona jua, na picha za kamera za miezi hiyo huwa mawingu matupu. Kwa hiyo umechagua chombo sahihi, katika hilo sina neno.

Antena ya setilaiti ya Sentinel-1 ina urefu wa mita 12 hivi, nayo husafiri karibu kilomita 700 juu ya vichwa vyetu. Kwa antena hiyo peke yake isingeweza kutenganisha vitu vilivyo ndani ya kilomita kadhaa. Ujuzi uliotumika ni kukusanya miangwi mingi wakati setilaiti inasonga, kisha kuikokotoa pamoja kana kwamba imepokewa na antena moja ndefu mno. Mmarekani Carl Wiley ndiye aliyelibuni wazo hilo mwaka 1951. Seasat, setilaiti ya kwanza ya kiraia kubeba rada ya namna hiyo, ilirushwa mwaka 1978 na ikazimika kwa hitilafu ya umeme baada ya miezi mitatu na nusu. Leo, tangu Sentinel-1A iliporushwa Aprili 2014, mwanafunzi wa Dar es Salaam anapakua picha hizo bila kulipa senti. Wakati nikiwa na umri wako jambo hilo lisingefikirika.

Sasa shika hili, kwa maana yote nitakayosema yanatoka hapa: mwangwi hauna rangi wala hauna jina la mti. Unabeba habari za umbo na habari za maji, basi.

Maji yaliyotulia ni kioo. Wimbi likiyagonga huruka upande wa pili, halirudi, na mahali hapo panatoka peusi kwenye picha. Majani na vitawi hulitawanya wimbi kila upande, sehemu yake ikarudi, na pale huonekana kijivu. Ila shina likichomoza wima kutoka majini, wimbi hugonga maji, likaruka hadi kwenye shina, likarudi moja kwa moja lilikotoka, kama mpira uliopigwa kwenye kona ya chumba ukamrudia aliyeupiga. Mwangwi wake ni mkali sana. Kwa hiyo msitu uliosimama majini unaweza kung'aa kuliko msitu huohuo maji yakishatoka, na hakuna hata jani moja lililobadilika.

Urefu wa wimbi nao una lake. TerraSAR-X ya Wajerumani hutumia wimbi la sentimita 3 hivi, ambalo huishia kwenye majani ya juu. Wimbi la Sentinel-1 ni la sentimita 5 na nusu, huingia kidogo likakutana na vitawi. Setilaiti za Wajapani, tangu JERS-1 ya mwaka 1992 hadi ALOS-2, hutumia wimbi la karibu sentimita 24, ambalo hupenya majani likafika kwenye matawi makubwa na mashina. Wimbi hukipita kitu kilicho kidogo mno mbele yake, na hukisikia kile kinacholingana nalo. NISAR ya Marekani na India, iliyorushwa Julai 2025, nayo ina wimbi refu la aina hiyo. Iweke katika mpango wako tangu sasa. Tena wimbi hutumwa likitikisika wima au mlalo. Sentinel-1 juu ya nchi kavu kwa kawaida hutuma la wima na kupokea yote mawili. Maji na ardhi tupu hurudisha la wima likiwa wima. Majani mengi na vitawi vilivyoelekea huku na huku hulipindua, sehemu yake ikarudi mlalo, na ndiyo maana ile chaneli ya VH, inayotumwa wima na kupokewa mlalo, unayoiona hafifu usiiache: ndiyo inayokuambia pana majani kiasi gani.

Uje sasa kwenye mti wenyewe. Katika misitu ya bara, msitu mkubwa hung'aa kuliko mdogo hadi kufikia kiwango fulani. Mkoko unaikataa kanuni hiyo. Unaijua mizizi yake, inavyoshuka kutoka kwenye shina kwa matao, ikapishana na kufungamana hadi mtu hapiti ila kwa kuinama na kuparamia. Richard Lucas na wenzake, waliopima misitu ya kaskazini mwa Australia miongoni mwa mingine, walikuta kwamba kwa wimbi refu, misitu mikubwa ya miti yenye mizizi ya namna hiyo huweza kurudisha mwangwi hafifu kuliko misitu midogo. Mizizi hulimeza wimbi kabla halijaipata ile kona ya maji na shina. Nimelikumbuka jambo hili nilipofika kwenye jedwali lako la makundi, ambamo umeugawa msitu kuwa mnene, wa kati na mchache kwa kufuata mng'ao. Kwa mgawanyo huo, mikoko mikubwa ya kingo za mito, ile yenye boriti na nguzo, inaweza kuangukia katika kundi la msitu uliochoka, na vichaka vya nyuma vikapewa sifa ya msitu mnene. Ofisa atakayeipokea ramani yako hatakuwa na njia ya kulijua hilo. Ataamini karatasi.

Halafu kuna mchu. Mchu huota mbele, kwenye matope mapya yanayotazama bahari, na huota nyuma kabisa, mahali ambapo maji hufika kwa nadra na chumvi imekolea. Mbele ni mti wa kusimama chini yake. Nyuma ni kichaka kisichokufika kifuani. Rada itaifanya michu hiyo kuwa vitu viwili, kisha ule mfupi itauchanganya na mkandaa mfupi ulio jirani yake, kwa sababu kwake maumbo yale ni mamoja. Nayo imesema kweli kuhusu umbo. Jina la mti ni lako wewe kulipeleka, na utalipata kwa kusimama pale. Ukipanda mto kuelekea maji matamu utakuta mikomafi, kisha mikungu yenye mizizi mipana iliyosimama kama mbao, na huko tena mwangwi una tabia yake, kwa kuwa sakafu ya msitu haifikiwi na maji kila siku.

Nyuma ya michu mifupi ndipo linapoanza jangwa, ule uwanda wa chumvi, na hapa nakusihi ukae sana, maana watu wengi wanaochora ramani za mikoko hulipita kana kwamba ni tupu. Siyo tupu. Kuna mimea ya chini, haifiki gotini, yenye majani manene yaliyojaa maji, mingine ikitambaa, mingine ikisimama kwa vifundo. Hiyo ndiyo ndugu wa mimea ya kingo za bahari za nchi za baridi. Kule ambako baridi kali huiua mikoko, matope yote ya pwani hushikwa na nyasi na mimea ya aina hii. Ndivyo ilivyo Bahari ya Wadden, katika pwani za Denmark, Ujerumani na Uholanzi, na ndivyo ilivyo sehemu kubwa ya pwani ya mashariki ya Marekani.

Nimekutajia huko kwa sababu wenzetu wametangulia, na walichojifunza kinatufaa kwa kiasi chake. Mwaka 2010 kisima cha mafuta kilipopasuka katika Ghuba ya Mexico, ndege ya utafiti ya NASA iliyobeba rada ya wimbi refu iliruka juu ya nyasi za chumvi za Louisiana. Ilikuwa imepita hapo mwaka mmoja kabla. Kwa kulinganisha safari hizo mbili, watafiti waliweza kuona mahali ambapo mafuta yalikuwa yameingia ndani ya nyasi, si ukingoni tu palipoonekana kwa macho. China nako, nyasi ya Kimarekani iitwayo Spartina alterniflora, iliyopelekwa mwaka 1979 ili kushika matope, ilienea pwani nyingi ikaziba makazi ya ndege na mimea ya asili. Wachora ramani wa kule huifuatilia kwa picha za mwaka mzima, kwa sababu inachipua, inanawiri na kukauka kwa wakati tofauti na jirani zake. Wao kalenda yao ni ya baridi na joto. Sisi mikoko haipukutishi majani yote kwa msimu. Kalenda ya delta yetu ni maji ya bahari, yakifuatwa na mvua na mafuriko ya mto, na ukiazima mbinu ya kule bila kubadilisha kalenda utapata ramani nzuri ya kitu kisichokuwapo.

Ngoja nikuonyeshe ugumu wenyewe. Kwenye picha ya Sentinel-1, jangwa tupu lililolainishwa na maji ni jeusi. Mto uliotulia ni mweusi. Shamba la chumvi ni jeusi. Jaruba la mpunga lililojaa maji kabla miche haijainuka ni jeusi. Vitu vinne, rangi moja, na kompyuta yako itaviweka vyote katika kundi moja na kuliita maji. Picha moja haiwezi kuvitenganisha, hata ungeisafisha namna gani zile punje nyeupe na nyeusi za mwangwi. Picha nyingi zinaweza. Upepo wa kusi ukivuma, uso wa mto mpana hukwaruzika na kung'aa ghafla, siku nyingine ukawa mweusi tena. Mpunga huanza mweusi, ukapanda kuwa mwangavu jinsi miche inavyorefuka, ukashuka baada ya mavuno. Jangwa hukaa vilevile kwa siku nyingi, likabadilika mvua inaponyesha na bamvua, yaani maji makubwa ya bahari, linapofika. Shamba la chumvi lina kingo zilizonyooka ambazo bahari haijawahi kuchora.

Na hapo kwenye bamvua ndipo penye moyo wa barua hii.

Setilaiti hizi hupita mahali pamoja kwa saa zilezile za jua daima. Sentinel-1 hupita kwetu karibu saa kumi na mbili, alfajiri ikielekea kusini au jioni ikielekea kaskazini, na hurudia njia ileile kila baada ya siku 12. Sasa uliza mvuvi yeyote wa kamba maji ya bamvua hujaa saa ngapi kwenye pwani hii. Atakuambia karibu saa kumi, usiku na alasiri, na hupwa kabisa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka: hujaa karibu saa nne, hupwa karibu saa kumi, na tofauti ya kujaa na kupwa huwa ndogo. Ziweke saa hizo pamoja, Rukia. Siku ya bamvua, Sentinel-1 inafika saa mbili hivi baada ya maji kujaa, bahari ikiwa inatoka na sakafu ya msitu bado ina maji au madimbwi. Siku ya maji mafu inafika saa mbili hivi baada ya kupwa, maji yakipanda polepole, na hayatafika ndani ya msitu wala kwenye jangwa. Ule ukavu mkubwa wa bamvua, wakati matope yote ya mbele yako wazi na wanawake wako nje wanatafuta kitoweo, Sentinel-1 haijauona na haitauona. Si kwa bahati mbaya ya siku fulani. Saa yake ndiyo ilivyo.

PALSAR, rada ya ile ALOS ya kwanza, iliyofanya kazi kati ya mwaka 2006 na 2011, ilikuwa inapita usiku karibu saa nne na nusu katika safari zake nyingi za wimbi refu. Maana yake siku ya bamvua iliikuta delta imekauka, na siku ya maji mafu iliikuta imejaa kwa kiasi. Kwa hiyo wewe, katika sura yako ya nne, unapoiweka picha ya PALSAR ya mwaka 2010 kando ya picha ya Sentinel-1 ya majuzi na kuandika kwamba sehemu iliyobadilika mng'ao ni msitu uliopotea au kuota, huenda unapima tofauti ya saa nne na nusu na saa kumi na mbili. Huenda pia msitu umepotea kweli. Picha zenyewe hazitakuamulia.

Dawa ipo, na haina gharama. Kila picha unayoitumia iandikie kando: tarehe, saa, maji yalikuwa wapi, yanapanda au yanatoka, na kama mvua ilinyesha karibuni. Mzunguko wa bamvua na maji mafu huchukua chini kidogo ya siku 15, na setilaiti hurudi kila siku 12, hivyo kila picha mpya hurudi nyuma karibu siku tatu katika mzunguko huo. Ndani ya picha tano au sita umeupitia wote. Zigawe picha zako kwa hali ya maji kwanza, kisha tafuta mimea ndani ya kila kundi. Eneo linalong'aa kwenye picha za bamvua na kufifia kwenye maji mafu lina mashina yanayofikiwa na maji. Lisilotikisika limeinuka. Hapo utakuwa unachora mimea pamoja na kiasi cha maji yanayoifikia, na hicho ndicho kinachoamua mti gani uote wapi. Kwa maoni yangu ramani ya namna hiyo ina thamani kuliko zile zote zinazotupa rangi ya kijani peke yake.

Jedwali la maji la Dar es Salaam litakuanzisha, lakini ndani ya mito ya delta maji huchelewa, na kadiri unavyopanda ndivyo yanavyochelewa zaidi. Ndiyo maana nakutaka uende. Simika mti wenye alama za sentimita Nyamisati, na mwingine ndani zaidi, na uyasome maji setilaiti inapopita. Ratiba yake imetangazwa, unaweza kuijua miezi kabla. Uwe umesimama mpakani mwa michu na jangwa saa kumi na mbili jioni ya bamvua, uandike maji yamekufika wapi mguuni, rada ikiwa inapiga picha hiyohiyo juu yako. Kipimo hicho hakuna kompyuta itakayokupa.

Delta hii iliwahi kuwashinda waliotaka kuisoma kutoka juu. Baada ya kuzamisha manowari ya Waingereza Zanzibar mnamo Septemba 1914, meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha katika mito ya Rufiji. Novemba ile rubani wa kiraia, Denis Cutler, aliruka na ndege ya majini ya Curtiss akaiona kati ya mikoko. Kuiona hakukutosha. Meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata kwenye maji mafupi, na ilichukua hadi Julai 1915, zilipoletwa Severn na Mersey zenye kina kifupi, ndege zikielekeza mizinga kutoka angani, ndipo ikaangamizwa. Wale walikuwa na picha ya juu mapema. Walichokikosa kwa miezi ni kuyamudu maji.

Sasa nikuambie kwa nini ninalisisitiza hili kiasi hiki. Ramani ya mikoko haibaki kabatini. Mikoko ya Tanzania Bara ni hifadhi ya serikali. Ndani ya delta, hasa upande wa kaskazini ambako maji matamu ya mto yanaelekea zaidi, watu wamefyeka miti na kulima mpunga kwa vizazi. Mstari utakaochora kati ya msitu na shamba utasomwa na mtu mwenye mamlaka ya kuamua nani ahame. Jangwa la asili ambalo halijawahi kuwa na mti, ukiliandika kuwa ni msitu uliokatwa, utamtwisha mkulima kosa ambalo ni la chumvi. Na ukiliandika jaruba jipya kuwa ni mto, msitu utaendelea kuliwa na wewe umetia sahihi. Yote mawili ni dhuluma. Mimi nautaka msitu huo usimame, nimeuhudumia maisha yangu, lakini sitaki usimamishwe kwa ramani ya uongo juu ya mgongo wa mtu maskini.

Tulikotoka kunakupa pa kuanzia. Marehemu Profesa Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandaa mpango wa usimamizi wa mikoko ya Tanzania Bara uliotoka mwaka 1991. Ulitumia picha za ndege, na ulihesabu hekta 115,500 hivi kwa pwani yote ya bara, zaidi kidogo ya 53,000 kati yake zikiwa hapa Rufiji. Usome wote. Alikuwa anaandika miti kwa aina na watu kwa mahitaji yao, na hakuna setilaiti iliyofanya hivyo tangu wakati huo. Kwa Afrika nzima, Lola Fatoyinbo na Marc Simard walitoa mwaka 2013 makadirio ya urefu na uzito wa mikoko kwa kutumia rada iliyobebwa na chombo cha angani Endeavour Februari 2000. Na mradi wa Global Mangrove Watch, ulioanza mwaka 2011 kwa picha za Wajapani, una ramani za dunia za miaka tofauti. Zitumie, ila kumbuka zimechorwa kwa ajili ya dunia. Kijito chembamba ambacho kwako ni mpaka wa mashamba mawili hakimo.

Wakati wenyewe nao ni huu. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022, na bwawa lolote hushika mchanga na tope ambavyo mto ulikuwa ukivishusha. Delta imejengwa kwa tope hilo. Mimea ya ukingo wa mbele, milango ya mito, mafungu ya mchanga, vyote vitapaswa kuangaliwa mwaka hadi mwaka, na atakayekuja baada yako atahitaji kipimo cha sasa kilichofanywa kwa uangalifu ili awe na cha kulinganisha. Ukimwachia picha zilizogawanywa kwa hali ya maji, na vipimo vya mti wako wa Nyamisati, atakushukuru hata asipokujua.

Nimezungumza na nahodha mmoja wa Nyamisati, mtu mzima na mwenye subira, ambaye amewahi kuwachukua wanafunzi. Yuko tayari kukuchukua bamvua lijalo, na mkewe atakupa mahali pa kulala. Njoo na viatu vya mpira virefu, kipima-mahali chenye betri za akiba, daftari lisiloharibiwa na maji, na mafuta ya kupaka dhidi ya mbu. Kabla ya kupima kitu chochote nenda kwa mwenyekiti wa kijiji ukajitambulishe, umweleze unachora nini na ramani itakwenda kwa nani. Kisha tafuta wakataji wa zamani wakutajie miti, na uandike majina yao ya miti kando ya yale ya Kilatini, yote mawili kwenye fomu moja.

Nijibu upesi uniambie kama msimamizi wako amekubali safari iwe mwanzoni, maana nahodha anataka kujua kama aitengeneze mashine yake wiki hii au asubiri. Nauli ya kutoka Dar hadi hapa nitaitoa mimi.

Wasalaam,

Mjomba wako,
Athumani